Zizi Lisilo na Kengele

Maweu alipotoka Mwala kuja Kitengela, hakuja kulinda ng'ombe wa watu. Alikuja kutafuta kazi ya kiwanda kule Athi River, akaipata, akaifanya hadi kiwanda kilipopunguza watu katikati ya miaka ya tisini. Alizunguka na njaa yake mitaani hadi baraza la eneo lilipomwajiri kulinda zizi.

Zizi lenyewe lilikuwa uwanja uliozungushiwa mabati yenye kutu, nyuma ya soko, si mbali na barabara ya Namanga. Mnyama aliyekutwa akizurura kwenye lami au akila mboga za kina mama sokoni aliswagwa humo. Mwenyewe akija mapema, alimkomboa. Asipokuja, mnyama alinadiwa, na waliofika mnadani siku zote walikuwa wenye bucha. Punda hakuwa na mnunuzi. Punda asiyeulizwa aliletewa mtu mwenye bunduki, na aliyechimba shimo ni Maweu.

Hakuizoea kazi hiyo, ila alijiwekea sharti moja: mnyama mwenye mwenyewe asife kwa kukosa kuulizwa. Tangazo la baraza lilibandikwa ofisini kwa chifu, lakini wafugaji hawakwenda huko kusoma karatasi. Kwa hiyo Jumapili, baada ya ibada, Maweu alitembea kuelekea Kisaju akiwauliza wachungaji wa mifugo nani kapoteza ndama mweusi, nani kapoteza mbuzi mwenye pembe moja. Munyiva, mkewe, alikuwa akimcheka.

"Baba Ndanu, kama ungetafuta waumini hivyo, pasta angekuachia kanisa."

"Waumini hawachinjwi," Maweu alimjibu.

Ukaja ukame wa mwaka elfu mbili. Nyasi zilikwisha uwandani, zikabaki pembeni mwa barabara tu, na ng'ombe wakazifuata huko. Zizi likajaa wanyama ambao mbavu zao ungeweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya pili ya barabara. Wengi walivaa kengele, vile vyuma vilivyofuliwa na wahunzi na kufungwa shingoni kwa ukanda wa ngozi. Njaa haikuwapa utulivu, na kengele hazikunyamaza usiku wala mchana.

Upande wa pili wa mabati kulikuwa na nyumba za kupanga, na humo aliishi Waithera, muuguzi wa zamu za usiku. Siku moja alitoka na leso kichwani, macho mekundu.

"Mzee Maweu, mimi nimekukosea nini? Nimekesha na wagonjwa usiku kucha, nikifika hapa nakuta harusi ya ng'ombe!"

Kiragu, afisa wa baraza aliyesimamia zizi, alipopata habari aliamua hapo hapo. "Zifungue zote, uweke store. Hawa hawaendi mahali. Kengele ni ya nini?"

Maweu hakuona ubaya. Kwao Mwala ng'ombe hufungwa kwa kamba karibu na nyumba, na mwenyewe humwona akiwa mlangoni. Kwake yeye kengele ilikuwa pambo, kama shanga. Akazifungua moja moja, akazitundika kwenye misumari ndani ya kibanda. Zizi likatulia. Waithera akalala, na siku iliyofuata akamletea chupa ya chai ya shukrani.

Miongoni mwa waliofunguliwa kengele kulikuwa na ng'ombe jike mwenye milia, mwenye mimba, mpole hata akamramba Maweu mkono alipokuwa akihangaika na ukanda. Jumapili Maweu alitembea hadi Kisaju kumuulizia. Uwanda ulikuwa mtupu. Wachungaji walikuwa wameshahamia Nairobi, kulisha mifugo kwenye nyasi za matajiri. Hakupata wa kumuuliza.

Siku chache kabla ya mnada alimkuta mama mzee wa Kimaasai amesimama nje ya mabati, mkono mmoja juu ya fimbo, kichwa ameinamisha upande. Maweu alidhani anapumzika.

"Takwenya, yeyo," alimsalimu na kumwita mama kwa Kimaa kidogo alichokuwa nacho.

"Iko," mama aliitikia.

"Umepotelewa?"

"Ng'ombe. Wengine walikufa kwa kiangazi, amebaki huyo mmoja. Iko na mimba." Akainamisha kichwa tena upande wa mabati, kisha akakitikisa. "Haiko hapa."

"Ingia basi uangalie, yeyo."

Mama aliinua uso. Macho yake yalikuwa na utando mweupe, yale macho yaliyoliwa na ugonjwa wa inzi na vumbi. "Hii inaona jua tu. Nimesikiza. Haiko."

Maweu alisita. Lakini tangu aje Kitengela alikuwa amesikia kwamba Mmaasai humjua ng'ombe wake kuliko mtoto wake, na yeye Mkamba wa kiwandani alikuwa nani wa kubishana naye? Alimpa maji kwenye kikombe. Mama akanywa, akamwambia jina lake ni Nalangu na kwamba atakuwa upande wa Kisaju, akaondoka akigonga ardhi kwa fimbo.

Nyuma ya mabati, ng'ombe mwenye milia alikuwa amesimama kimya.

Siku ya mnada Ngugi, mwenye bucha, alinunua wanyama kadhaa na yule wa milia akiwemo. Walipotolewa langoni walitawanyika kila upande. Ngugi akacheka.

"Maweu, wape kiongozi bwana! Si huyu alikuwa na kengele? Mfunge, wenzake watamfuata."

Maweu akaileta kengele. Alipoifunga tu, ng'ombe akapiga hatua, nayo ikalia sauti nzito, ya chini, isiyofanana na nyingine yoyote. Wanyama wote wakainua vichwa na kumgeukia.

Maweu alisimama na mikono yake hewani. Nimesikiza, mama alikuwa amesema. Haiko.

"Ngugi, huyu mwenyewe yuko. Nimemjua sasa hivi. Ningojee, nimlete."

"Mwenyewe alikuwa wapi siku hizi zote?"

"Alikuja. Mimi ndiye niliyemnyima masikio."

Ngugi hakuelewa, lakini hakuwa mtu mbaya. "Huyu nitamweka wa mwisho. Lakini daktari wa nyama akimaliza kupiga mihuri na kuondoka, mimi siwezi kulala na ng'ombe mgonjwa wa njaa hapo kichinjioni. Kimbia."

Maweu akaifungua kengele tena, akaondoka nayo. Baada ya Kitengela hapakuwa na njia ya kumpata kipofu kwenye uwanda mkavu, kwa hiyo alifanya jambo moja tu aliloweza. Alitembea akiitikisa. Madereva wa malori walimpigia honi. Wanawake waliokuwa wakiuza shanga kando ya barabara walishika vinywa. Alikata kushoto, akapita mizoga iliyokauka, mkono ukimuuma, akiitikisa bado.

Karibu na Kisaju alimwona mama akija kwa mbio za wazee, fimbo ameitupa, mikono ameinyoosha mbele. "Sambu!" alikuwa akiita. "Sambu! Sambu!"

Maweu aliacha kutikisa. Mama alifuata pale sauti ilipoishia, akapapasa hewani akitafuta shingo, akashika kifundo cha mkono wa mwanamume.

Alikiachia upesi.

"Ni mimi, yeyo. Wa zizi. Sambu yuko hai, twende haraka."

Walikwenda, mama akimshika Maweu bega, lakini mwendo wa kipofu ni mwendo wa kipofu. Walipofika kichinjioni sakafu ilikuwa imeoshwa. Ngugi alitoka akijifuta mikono, akatazama chini.

"Nilingoja, Maweu. Daktari alikuwa anawasha pikipiki."

Nalangu hakulia. Aliomba ngozi. Wakamletea, bado na joto, akapiga magoti na kuipapasa hadi kwenye sikio, akazipitia kwa kidole gumba alama za mkato za ukoo wa mumewe.

"Ni yeye," alisema. Kisha, "Na ndama?"



Maweu alimwekea kengele mkononi. Mama alirarua kipande cha shuka yake, akakisokota ndani ya kengele hadi ulimi wake ukakwama, kama wanavyofanya wezi wa ng'ombe ili wasisikike. Akainuka, akaelekea barabara ya Kisaju. Maweu alimfuata kwa mbali hadi alipoona amepata mtu wa kumshika mkono. Mwendo wote ule kengele haikutoa sauti.

Asubuhi yake alizitoa kengele zote misumarini, akawarudishia wanyama waliobaki. Waithera alilalamika, na safari hii alikwenda moja kwa moja barazani. Kiragu alimwambia Maweu achague: kengele au kazi.

"Basi zizi litafutieni mtu," Maweu alisema.

Mwaka huohuo Munyiva alianza kuuza makaa, naye Maweu akawa akimbebea magunia. Aliyechukua nafasi yake zizini alizifungua kengele zote siku ya kwanza. Ng'ombe wakiwa humo, mtu aliyepita nje ya yale mabati angedhani ni mahali patupu.