Kaseti ya baba ilikwaruza kwa sababu Dar ni mbali

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo. La saba sikumaliza, wataalamu wa sauti mnivumilie. Ninapobahatisha nitasema nabahatisha.

Kuna jamaa humu analia kwamba akirekodi nyumbani sauti inakwaruza. Yalinikuta Bunda, enzi za Ujamaa.

Operesheni ya vijiji ilishafika kwetu. Tukimaliza kuvuna pamba, tunabomoa, tunahamia kijiji kipya. Kaka yangu Magesa alikuwa kazini Dar, hajarudi tangu agombane na baba kwa ajili ya dume la ng'ombe. Barua zangu alikuwa hajibugi. Hofu ya mama ilikuwa moja: siku akija atakuta mahame.

Baba akasema, "Barua ni maneno yako wewe. Anisikie mimi."

Nikaazima redio kaseti kwa shemeji, muuza dagaa wa sokoni Mwigobero. Baba akarekodi.

Kuicheza: krrrr! Kama bisi ndani ya debe.

Nikabadilisha betri, nikaweka kaseti nyingine. Wapi. Nikasafisha head, kile kichuma kinachosoma tepu, kwa pamba na gongo (baba alilalamika naharibu gongo, siyo redio). Wapi! Nikaanza kumsema shemeji na redio yake mbovu. Lakini nisimwonee: mama alipoimba kwenye redio hiyo hiyo, ilitoka safi.

Basi tatizo ni mzee. Aliishika redio mdomoni kama hindi la kuchoma, anapiga kelele mpaka kuku wanatawanyika.

"Baba, punguza sauti."

"Nipunguze? Angekuwa hapo Kisorya ningepunguza. Huyu yuko Dar!"

Msimcheke sana. Mtu kachunga ng'ombe maisha yote, aliye mbali anaitwa kwa nguvu.

Nikaipeleka redio kule kwenye kichanja cha vyombo. Akazidisha, maana sasa hata redio iko mbali.

Mama ndiye aliyemaliza. "Baba Magesa, si unasema unaongea na mtoto? Basi yuko hapa mbele yako. Mbona unamfokea tena?"

Baba akaigeukia redio. Tepu ikazunguka bure.

Halafu, taratibu: "Magesa. Tunahama. Njoo uchague kiwanja chako. Dume nitakupa."

Safi kabisa! Nikaituma na mtu wa basi.

Pamba haijaisha shambani, kaka huyo, kabeba shuka jeupe. Akamkuta mzee anafokea ng'ombe.

"Baba, we mzima? Nilivyosikia unaongea taratibu nikajua ndo unakufa!"

"Lete shuka. Nitajifunika nikiwa hai."

Juzi binti yangu kaziingiza kaseti zote, hata ile kaka aliyorudi nayo, kwenye kompyuta. Mawimbi ya zile za kelele yamekatwa juu na chini kama kwa panga, anasema ndiyo clipping. Ile ya mwisho ni vilima vilima.

Somo: kabla hujanunua maiki mpya, sogea nyuma, shusha record level (kiwango cha kurekodi), na muulize anayeongea anadhani msikilizaji yuko wapi.

Binti anataka kuzisafisha zile mbovu kwa software. Nimemkatalia. Baba ametutoka siku nyingi, na ile ya taratibu aliongea mara moja tu. Baba mwenyewe ni yule wa krrrr.

Lakini sina uhakika. Nyie mngefanyaje?