Kichomi cha Wodini

Mume wangu alianguka kutoka mkarafuuni mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, akavunjika paja. Jirani zetu wa Kengeja walimlaza kwenye kitanda cha kamba, wakampakia katika gari la abiria mpaka hospitali. Daktari aliuning'iniza mguu kwa kamba na chuma kizito, akasema alale hivyo wiki sita.

Nilifikia kwa shangazi yangu mjini, nikawa naingia wodini kila asubuhi na uji. Kitanda cha pili alilala mzee mmoja wa kisiwa cha Fundo aliyepasuliwa ngiri. Watu wake hawakuweza kuvuka kila siku, basi nikawa namnywesha chai, na akikohoa nampangusa mdomo kwa kitambaa changu. Kisha namgeukia mume wangu, namlisha. Nilijua natenda wema.

Mzee yule akafariki. Niliambiwa ni kifua, nami nikashangaa, maana alikuja kwa ngiri.

Siku ya tatu yake mume wangu akaanza kutetemeka. Homa ikapanda, na kila akivuta pumzi anashika ubavu. Kikawa kichomi. Akadungwa penisilini asubuhi, mchana na jioni. Miaka ile sisi hatukujua dawa kubwa kuliko hiyo. Mtoto wa jirani yetu alikuwa mahututi, akainuka kwa sindano chache tu. Mume wangu alidungwa siku nne, na homa iko pale pale. Akawa ananiita kwa jina la dada yake.

Mama mkwe alipofika alisimama mbele ya daktari, akauliza kwa upole, "Mwanangu kaja hapa kwa mguu. Hicho kifua kakipata wapi?"

"Kakipata humu humu, Bi Mkubwa," daktari akasema. "Vijidudu vya humu vimeizoea dawa yetu."

Sikumuelewa. Mtu huzoea dawa, lakini kijidudu kinazoeaje? Na hospitali si ndipo watu wanapopelekwa kupona?

Mama mkwe alitaka turudi naye nyumbani. Daktari alitusihi tusubiri dawa nyingine aliyoiagiza Unguja. Basi mama akanitazama mie niamue, mke wa miezi mitano. Nikasema tubaki. Haikuwa imani. Niliutazama tu mguu ule unaoning'inia, nikaona sijui hata utafunguliwa vipi.

Vidonge vikaja. Siku hiyo hiyo mama mkwe alileta kombe, maji yaliyooshewa aya, kutoka kwa shehe, mgonjwa akanywa vyote viwili. Siku ya tatu jasho likamtoka, akaomba muhogo wa kuchemsha.

Tulipokaribia kuruhusiwa nilimfuata daktari barazani, nikamweleza habari ya mzee na kile kitambaa changu. Nikamuuliza kama ni mie niliyempelekea mume wangu maradhi.

"Huenda ni mikono yako," akasema. "Huenda ni yangu. Mimi nilimgusa mzee yule kila siku, kisha nikamgusa mumeo."

Nilingoja aseme ni mikono ya nani, lakini aliitwa, akenda zake. Nikarudi ndani kumvisha mume wangu shati. Akaniuliza yule mzee wa kitanda cha pili katoka lini, mbona hakumuaga. Nikamwambia katoka zamani.