Inveta ya Mama Mkubwa na Blanketi la Mtoto

Wiki ile ya Julai nilikosa usingizi, na sababu haikuwa baridi, ingawa baridi ya Sumbawanga mwezi huo inaweza kumkosesha mtu usingizi bila msaada wa jambo lingine. Kulikuwa na swali. Mtu mwenye shahada ya uhandisi wa umeme anamwambiaje mama yake mkubwa kwamba kitambaa alichofumiwa na akina mama wa jumuiya ndicho kitakachoua mayai yao?

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Niko kwake Kizwite tangu nimalize chuo, nikisubiri kazi. Nyumbani kwake kila kitu kinavaa. Televisheni ina kitambaa cha kufuma, redio ina cha kwake, viti vina viwili viwili, na mtungi wa gesi una gauni lenye marinda. Kwa hiyo inveta ilipofungwa ukutani sebuleni, kile kisanduku kinachobadili umeme wa betri za sola uwe umeme wa kuendesha vyombo vya nyumbani, ilikaa uchi siku mbili tu. Jumapili akina mama wa jumuiya walikuja, wakasali, wakaivika kitambaa cheupe chenye maua ya njano, kikashuka pande zote mpaka chini. Palibaki kitaa kimoja cha kijani kikichungulia kwenye tundu la ua.

Nilikiona. Nilijua. Nikasema, "Kimependeza sana, mama."

Kazi kubwa ya inveta ile ilikuwa kuendesha mashine ya kutotolesha vifaranga. Nguzo za umeme zimeishia barabarani, hazijafika upande wetu wa mashamba. Kila mama wa jumuiya alikuwa ameleta mayai ya kuku wake wa kienyeji na kuyawekea alama kwa penseli: huyu msalaba, huyu duara, mwingine alichora jembe zuri mpaka nikajiuliza kwa nini hakusomea uchoraji. Ndoo nzima ilitoka Mpui, mayai yamefukiwa kwenye pumba. Mama mkubwa alikuwa amewaahidi wote vifaranga siku ya ishirini na moja. Na mimi, kwa kuulizwa tu kama mashine ni ya kuaminika, nilikuwa nimejibu, "Niko hapa, akina mama."

Wiki ya pili inveta ikaanza kujizima. Inapiga mlio mara tatu, kimya, taa ya mashine ya mayai inazimika. Baada ya nusu saa au zaidi inawaka yenyewe. Ilifanya hivyo asubuhi na jioni, saa zile ambazo upepo unakuja kutoka mashambani na watu wanatembea wamekunja mikono kwapani.

"Baridi," akasema mama mkubwa. "Si ulisema mwenyewe?"

Nilikuwa nimesema. Siku betri zilipoletwa nilitaka kuonyesha kwamba ile miaka minne haikwenda bure, nikakohoa kidogo, nikatangaza, "Betri hazipendi baridi, mama." Ni kweli kabisa, betri ikipoa inapungua nguvu. Lakini mama mkubwa hatenganishi betri na inveta. Kwake yote ni mashine ya sola, na mashine ya sola haipendi baridi, injinia kasema. Inveta ilipojizima mara ya kwanza akaifunga kitenge juu ya kitambaa. Ilipojizima mara ya pili akaiongezea blanketi la mtoto, lile la bluu lenye picha ya bata, ambalo mimi mwenyewe nilibebewa.

Ukweli ulikuwa kinyume. Ndani ya inveta kuna transista za nguvu zinazopitisha umeme wote wa nyumba, na zikifanya kazi zinachemka. Joto lao linahamia kwenye kipande cha alumini chenye mbavu nyingi, na mbavu zinaliachia hewani. Hewa isipopita, joto halina pa kwenda, na inveta inajizima ili isiungue. Sasa, sebule ikipoa, mashine ya mayai inakula umeme zaidi ili ibaki na joto lake, na inveta inafanya kazi zaidi. Kwa hiyo baridi ilipokaza, inveta ilichemka, ilipochemka, ilijizima, ilipojizima, ilifunikwa. Kwa ushahidi wa macho tu, mama mkubwa alikuwa amenishinda kesi.

Mtu mwingine angesema, "Mama, tutoe hivi vitambaa." Mimi nilichukua daftari. Nikachora njia ya joto kutoka kwenye transista mpaka hewani, nikaweka kizuizi cha kwanza, kitambaa. Cha pili, kitenge. Cha tatu, blanketi. Nilitafuta namba ya kuandika kwenye blanketi, nikakosa. Nikawaza pia kwamba hewa ya huku juu ni nyepesi na inapoza vibaya kuliko ya Dar es Salaam, nikaongeza ukurasa kuhusu hilo. Kurasa sita, na hakuna hata mmoja uliokuwa na neno "mwambie".

Nikaenda sokoni kwa mshikaji mmoja niliyesoma naye shule ya msingi, sasa ni fundi redio. Nilinunua kwake kichupa cha mafuta meupe mazito yanayopakwa kati ya transista na alumini ili joto lipite vizuri. Nikarudi, nikazima, nikafungua inveta upesi mayai yasipoe, nikapaka. Yanatakiwa yapakwe membamba kama mvuke kwenye kioo. Nilipaka kwa wasiwasi, na wasiwasi wangu ni mnene. Jioni ikajizima mapema kuliko jana.

Fundi alikuja kuangalia, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Injinia, huyu mtoto unampeleka kliniki? Mafuta yote haya?"

"Nilitaka kusiwe na pengo."

"Pengo lipo kichwani mwako, mshikaji. Kwangua."

Tukakwangua. Kisha akanipa feni ndogo iliyotoka kwenye kompyuta mbovu, nikaifunga chini ya inveta ipulize hewa kwenda juu. Ilipuliza vizuri sana. Kitambaa, kitenge na blanketi vikajaa upepo kama sketi ya mwanakwaya, bata akawa anapumua. Mama mkubwa alitoka jikoni, akatazama, akaenda nje na kurudi na vibanio vya nguo. Akabana pembe zote nne.

"Upepo ulikuwa unaingia," akaniambia kwa upole.

Fundi alinitazama mimi. Akasubiri mpaka mama mkubwa arudi jikoni.

"Si umwambie atoe?"

"Kimesaliwa kile."

"Kimesaliwa ili mashine ife?"

"Na mimi ndiye niliyesema baridi."

"Ahaa," akasema, akaanza kukusanya bisibisi zake. "Basi hapo hakuna kifaa cha kukuuzia."

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya kumi na nane. Mayai hayageuzwi tena kuanzia siku hiyo, vifaranga wanajiweka tayari, na ubaridi wa muda mrefu unawamaliza. Akina mama walikuja moja kwa moja kutoka misani, kila mmoja akatafuta alama yake kwenye kioo cha mashine. Niliwaamkia wote, shikamoo saba, moja baada ya nyingine. Mama wa jembe alikuwa akiwaonyesha wenzake yai lake kana kwamba limeshaanza darasa la kwanza.

Inveta ikapiga mlio mara tatu.

Taa ikazimika. Akina mama wakageuka, si kwa inveta, kwangu. Nilikuwa tayari na maelezo kuhusu wepesi wa hewa.

"Ni baridi tu," mama mkubwa akawatuliza. "Mwanangu, kalete lile sweta lako zito."

Nikaenda chumbani. Sweta lilikuwa juu ya kitanda, la sufu, la kijivu. Nililishika nikaona jinsi mambo yatakavyokwenda: sweta leo, godoro kesho, na siku ya ishirini na moja akina mama saba watakuja na vikapu vyao kuchukua mayai yaliyooza, kila mmoja na alama yake ya penseli. Kwa mara ya kwanza wiki ile sikutafuta daftari.

Nikalivaa sweta mimi. Nikarudi sebuleni, nikavuta kigoda, nikapanda, nikaanza kutoa vibanio.

"We mtoto! Unafanya nini?"

"Mama, haina baridi. Ina joto. Mimi ndiye niliyekueleza vibaya, baridi ni shida ya betri, siyo ya hii. Samahani. Naomba uiguse."

Nikashusha blanketi, kitenge, na mwisho kitambaa cheupe, nikakikunja vizuri kwa sababu macho ya akina mama saba yalikuwa yananisimamia. Mama mkubwa akanyoosha mkono taratibu, akagusa mbavu za alumini, akaurudisha haraka.

"Yesu wangu! Inachoma!"

"Hiyo ni homa," akasema mama wa jembe. "Na wewe umemfunika mgonjwa wa homa."

"Mimi? Huyu hapa ndiye daktari!"

Wakacheka wote, na mama mkubwa akacheka kuliko wote, kisha akaacha ghafla.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ya kwanza, mama."

Niliandaa majibu manne. Yeye akachukua kitambaa mkononi mwangu, akakipangusa kama kimeanguka chini.

"Na hiki nikiweke wapi?"

Nikamwomba nyundo na misumari miwili. Nikakitundika ukutani kando ya inveta, kimetanda kama picha, maua yote yakionekana, na hewa ikipita kati yake na inveta. Pengo sikulipima. Nilipokuwa napigilia msumari wa pili, feni ikaanza kuvuma, na nyuma yangu akina mama wakapiga vigelegele: taa ya mashine ya mayai ilikuwa imewaka.