Barua ya Wambui Niliyoisoma Mara Tatu

Harufu ya maua ya kahawa bado hunirudisha utotoni. Pale Ruiru, mwishoni mwa miaka ya hamsini, mvua ilipopita, mashamba yaligeuka meupe kwa siku chache, na harufu ikaingia nyumbani, kwenye blanketi, kwenye uji, hata kwenye ndoto. Msimu huo dada yangu Wambui, aliyekuwa Uingereza akisomea ualimu, alituma barua. Baba alikuwa kazini Thika, akirudi Jumamosi tu, na mama hakujua kusoma. Basi msomaji nikawa mimi, mtoto wa miaka kumi mwenye maringo ya mwalimu mkuu. Mama aliingojea barua hiyo kwa jambo moja: Wambui alikuwa ameahidi kurudi Krismasi.

Nilisimama mlangoni penye mwanga, nikasoma. Asubuhi Wambui alikuwa amekwenda kwenye jumba kubwa la michoro, sakafu inang'aa hadi akaogopa kuikanyaga. Alikaa sana mbele ya mwanamke aliyechorwa akikanda unga, kichwa kimeinama. "Mama, nilikuona wewe," aliandika. Jioni akaoka mkate na mjane aliyempangisha chumba, nyumba nzima ikanukia. "Ngai!" mama akacheka. "Huyo mwanamke si alikufa zamani? Na bado wanamwacha akikanda tu, hakuna wa kumpokea kazi?" Kisha akafumba macho, nami nikaona kama tuko huko sote, tunatembea polepole katikati ya watu wa ukutani wasiosema kitu, harufu ya mkate ikichanganyika na ya kahawa.

Nikafika mwisho wa barua. Wambui haji. Ameongezewa miaka miwili ya masomo. Nilimtazama mama, macho bado ameyafumba, nikashindwa. Nikasoma, "Krismasi nitakuwa nyumbani." Mama akasema nirudie. Mchoro uleule, mkate uleule, lakini mwishoni nikasema, "Nitafika kabla ya Krismasi." Mara ya tatu nikasema, "Tutaonana Krismasi, Mama." Masikini mimi! Sikujua kwamba asiyesoma huyashika maneno kwa masikio, hata moja halimponyoki. Mama akafumbua macho. Wala hakunigombeza. "Njeri, mchoro haukubadilika. Mkate haukubadilika. Sasa nisomee alichoandika."

Nilisoma nikilia. Mama aliinuka, akachukua unga wa ngano uliowekewa wageni, akaanza kukanda. Aliuoka kwenye sufuria, makaa juu ya kifuniko, ukatoka mgumu kama tofali. Tuliula hivyo hivyo, tukiuchovya kwenye chai. "Mwandikie asome," akasema akitafuna. "Mwambie na mimi nimeoka. Hayo mengine usiandike." Mengine yalikuwa machozi yake.

Leo naishi Makongeni, Thika, na mjukuu wangu ndiye aliye ng'ambo. Juzi alinizungusha jumba zima la sanaa kwenye simu, kisha akanionyesha keki ikitoka kwenye oveni, na papo hapo akasema, "Cucu, mwaka huu siji." Nikasema sawa, nikamtabasamia. Najua ni afadhali hivi. Habari imenifikia nzima, haikupitia mdomo wa mtu mwingine. Lakini simu ilipokatika nilitamani angekuwapo mtoto mlangoni, anidanganye kidogo kwanza.