Tangazo la Saa Nne

Watu wa Mchafukoge walipofiwa, kabla ya kutafuta sanda walimtafuta Abdulmajid. Hakuwa shehe wala mjumbe wa mtaa. Aliuza makufuli na bawaba katika duka lililozidi kidogo tu upana wa mlango wake, lakini ndiye aliyewaandikia watu matangazo ya vifo ya kupeleka redioni. Alimkalisha mfiwa kwenye kigoda, akachomoa kalamu, akauliza swali moja: "Nani hajui?"

Marehemu alikuwa nani, ameacha watoto wangapi, hayo yalifuata baadaye. "Tangazo si la marehemu," alikuwa akimwambia Shaibu, fundi cherehani aliyekaa naye baraza moja miaka thelathini na minane. "Ni la yule mmoja aliye mbali, amekaa na redio yake, hana habari. Huyo ukimkosa, umechafua karatasi tu."

Nyumba ile yenye baraza ilibomolewa. Pakasimama ghorofa lenye lifti inayokwama na majirani wanaopishana ngazini bila salamu. Abdulmajid akapata vyumba vitatu juu, Shaibu akabanwa na cherehani yake kwenye korido ya chini. Lakini ndani kwa Abdulmajid mambo yalibaki yalivyokuwa. Jioni, kabla sinia halijafunuliwa, kila mtoto alitoa neno jipya aliloliokota siku hiyo. Asiye na neno alikula mwisho. Haruna, mwanawe mkubwa, aliwahi kuleta neno alilolisikia kwa wapagazi wa sokoni, baba yake akacheka mpaka akapaliwa, kisha akaliandika. Mkewe Sitara alimshinda kila mara kwa maneno ya jikoni. "Mume wangu anajua majina ya nyota," alisema, "lakini kifumbu na kung'uto hawezi kuvitenganisha." Naye alikubali kushindwa, akifurahi kama aliyepewa zawadi.

Shaibu hakupita darasa la nne. Kusoma magazeti mpaka mwisho, kuandika barua isiyochekwa, vyote alivipata barazani kwa mtu huyo.

Abdulmajid alifariki alfajiri ya Jumanne, kalamu ikiwa chini ya mto. Saa kumi na mbili Shaibu alikuwa amekwishapanda juu. Haruna alimwonyesha simu: picha ya baba yake imezungushiwa njiwa na mishumaa.

"Mishumaa ya nini? Baba yako alikuwa Mwislamu."

"Ba'mdogo, ndiyo zilivyo hizo. Ishatembea kwenye magrupu yote. Dunia nzima inajua."

"Nani hajui?" Shaibu akauliza.

Haruna alishusha simu. "Shangazi Anifa," akasema.

Anifa alikuwa Ikwiriri. Ndugu pekee wa marehemu aliyebaki, aliyebebwa na kaka yake mgongoni mama yao alipokufa. Simu yake ilikuwa haipatikani tangu mfungo, na mwaka jana alihamia shambani kwake, mahali alipopajua kaka yake peke yake. Lakini kila siku saa nne asubuhi alisikiliza matangazo ya vifo. Aliyasikiliza kwa ajili ya kaka yake. Aliweza kutambua kwa sikio lipi limeandikwa na yeye, na akija mjini alimtajia moja moja.

Mazishi yalipangwa baada ya Alasiri, makaburi ya Kisutu. Kama Anifa angesikia saa nne, saa nane angekuwa amefika, angemwona uso.

"Niachieni mimi," Shaibu alisema.

Akashuka kwenye korido, akakaa mbele ya cherehani, akaandika mistari mitano. Jina, mahali, saa ya mazishi, na kwamba habari zimfikie dada yake Anifa wa Ikwiriri. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu.

Akaisoma. Ilikuwa kavu kama risiti. Mtu aliyewaandikia wenzake miaka yote aende hivi? Na Anifa ana sikio, atasemaje? Akachukua karatasi nyingine. Akaandika habari za lile sinia la jioni, akazifuta. Akatafuta neno la mtu anayependa maneno, akapata matatu, yote akayaona hayafai. Alikuwa na hakika kwamba neno lipo, na kwamba Abdulmajid angelitaja mara moja, na mara mbili aliinua kichwa kutaka kumwuliza. Waombolezaji walianza kupanda ngazi. Karatasi ya nne ndiyo iliyomridhisha. Akaita bajaji.

Kule redioni, binti wa mapokezi alisimama kumpokea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimeleta tangazo la saa nne."

"Ya saa nne tunafunga saa tatu, mzee wangu. Sasa hivi ni tatu na robo. Hili litasomwa saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja atakuwa yuko kaburini."

"Pole sana, mzee. Yameshaingia studio." Alimtazama kwa huruma ya kweli, na hilo lilimwumiza Shaibu kuliko angefokewa.

Alirudi akaomba mazishi yasogezwe mpaka kesho. Imamu alimjibu kwa upole kuwa maiti hacheleweshwi. Haruna aliangalia chini. Hapakuwa na wa kugombana naye. Baada ya Alasiri Shaibu alishika jeneza kwa zamu yake, akatupa mchanga mara tatu kama wengine. Saa kumi na moja, kutoka duka moja lenye redio, alisikia maneno yake yakisomwa. Yalikuwa mazuri.

Anifa alifika kesho yake asubuhi, miguu ina vumbi. Alikaa kwanza na Sitara chumbani, wakalia, kisha akashuka kwenye korido.

"Jana saa nne nilikuwa na redio, kaka Shaibu. Nikasikiliza mpaka wa mwisho. Nikasema alhamdulillahi, kwetu hakuna. Nikaenda kupalilia."

Shaibu alimsogezea kiti.

"Lile la jioni uliliandika wewe?"

"Mimi."

"Nilijua si yeye. Lakini umelipanga vizuri. Lingemfurahisha." Akajifuta kwa kanga. "Hebu nisomee tena."

Shaibu alivaa miwani. Ile ya nne ilibaki redioni. Mfukoni alikuwa na karatasi moja tu, nayo aliikunjua akaisoma taratibu. Mistari mitano, haikuchukua muda.

Anifa aliinamisha kichwa akisikiliza. "Silo," akasema.

"Silo. Hili lilikuwa la saa nne. Lilikuwa tayari mapema."

Anifa aliangalia karatasi, kisha ile mikono iliyoishika. Akanyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaikunja mara mbili na kuifunga kwenye pindo la kanga. Akapanda ngazi.