Mtepe wa Pili

Watu wa Mlingotini walibishana juu ya kujenga mtepe wa pili kwa muda mrefu kuliko ule uliotumika kujenga wa kwanza. Nilikuwa mke kijana wakati huo, Mjerumani alikuwa bado hajapandisha bendera yake Bagamoyo, na katika ubishi ule nilikuwa na haja yangu ambayo sikumwambia mtu. Wengine waliutaka mtepe kwa ajili ya sifa. Mimi niliutaka ili nipate kuwa mjane.

Nieleze kwanza mtepe ni nini, maana wajukuu zangu wameona majahazi tu, na majahazi yana misumari. Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilitobolewa matundu pembeni, zikashonwa pamoja kwa kamba za makumbi ya nazi. Mitepe mingi ilikuwa ikija kwetu kutoka Lamu na visiwa vya huko, lakini ule wetu ulijengwa pwani yetu wenyewe, na mafundi walioletwa kutoka kaskazini na tajiri mmoja mwenye minazi mingi. Mbele ulichorwa macho mawili, meupe yenye mboni nyeusi. Siku ulipoteremshwa majini watu walitoka Zinga, wakatoka Bagamoyo, kuja kuutazama, na wanawake wakautungia nyimbo. Ulikuwa ukivuja kama mitepe yote, na mabaharia hawakupata kupumzika kuteka maji na kuyamwaga nje, lakini hilo halikutiwa katika nyimbo.

Mafundi wale walikuja na desturi yao. Kamba za kushonea zilisokotwa na wanawake wa wale watakaosafiri: mama zao, wake zao, dada zao. Walisema mwenye mtu ndani hasokoti kamba legevu. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, kwa sababu mwanawe alikuwa miongoni mwa mabaharia na kwa sababu hapakuwa na mkono kama wake. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeolewa, nimetoka kwetu Zinga ambako tulijua jembe tu. Nilijifunza kwake kufukua makumbi yaliyozikwa matopeni pwani, kuyaponda mpaka yabaki nyuzi, na kuzisokota nyuzi hizo kwa viganja. Alikuwa mkali. Kamba asiyoipenda aliifumua mbele yako, akakurudishia nyuzi.

Msimu wa kusi mtepe ukaenda Lamu umejaa chumvi na nazi. Kaskazi ikaja, vyombo vya watu vikarudi, wetu haukurudi. Hakuna aliyeuona ukizama. Hapakuokotwa ubao, wala maiti, wala nguo. Kaskazi ya pili ikapita vilevile.

Hapo ndipo mtepe ulipopata umaarufu wa kweli. Ulipokuwa ukielea ulijulikana mpaka Unguja. Ulipopotea ulijulikana pwani nzima, na kila mtu aliuona. Mmoja aliuona Pemba ukipakia karafuu. Mwingine alisikia umekamatwa huko Barawa. Kila aliyepita na habari, mavyaa alimkaribisha, akampikia wali wa nazi, akamkalia mbele amsikilize. Nadhani wali wetu uliliwa na kila mwongo kati ya Tanga na Kilwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikikuna nazi, kwa hiyo naweza kusema.

Hali yangu ilikuwa hii: sikuwa mke, maana mume sina, na sikuwa mjane, maana mume hajafa. Kurudi kwetu siwezi, kwa kuwa sikuachwa. Kukaa eda siwezi, kwa kuwa sikufiwa. Majirani walidhani nina mtu ananisubiri, na wakaninyooshea vidole kisimani. Sikuwa na mtu. Nilichoka tu kuwa kitu kisicho na jina ndani ya nyumba ya watu.

Baba yangu alikwenda Bagamoyo kwa kadhi kuniombea. Kadhi alimsikiliza vizuri, kisha akamuuliza: nani aliyeuona mtepe ukizama? Na wenye watu wao, tajiri wa mtepe, mama wa kijana, wanasemaje? Tajiri alikuwa hajasema lolote. Mavyaa alikuwa anasema mwanawe yuko safarini. Kadhi akamwambia baba, "Siwezi kumzika mtu ambaye mama yake anampikia." Baba akarudi kwao, nami nikarudi kukuna nazi.

Kwa hiyo tajiri alipowaita watu barazani kwake na kutangaza kwamba anataka kujenga mtepe wa pili, mimi nilitega masikio. Alitaka uwe ule ule: urefu ule, upana ule, macho yale, na jina lile lile. Nikapiga hesabu yangu. Jina moja haliwi na vyombo viwili baharini. Wa pili ukipewa jina, basi wa kwanza umekufa mbele ya watu wote, na kadhi hatakuwa na la kuuliza.

Sisi wanawake tulikaa ndani nyuma ya mlango, tukasikia kila kitu. Baharia mmoja mzee alisema mitepe imepitwa na wakati wake, Unguja siku hizi wanapiga misumari, chombo hakivuji na mtu analala. Mwingine akasema haifai kabisa kuiga chombo kilichopoteza watoto wa watu, kwani nani aliyeona mtu akichonga jeneza la pili kwa kulipenda la kwanza? Imamu akasema bahari ni ya Mungu na mbao hazina dhambi. Penye wengi pana mengi. Ilikaribia adhuhuri na hakuna lililokatwa.

Tajiri aliwaacha waseme. Nahodha wa mtepe uliopotea alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Walipomaliza alisema, na sauti yake ilikuwa si ya tajiri tena, "Nataka mtu akiuona bandarini Unguja aseme, kumbe haukupotea. Nataka hilo tu."

Nilimwonea huruma, na wakati huohuo nikamwona mjinga. Yeye alitaka mtepe wa pili ili wa kwanza usife. Mimi niliutaka ili ufe. Na ungekuwa mtepe mmoja.

Fundi aliyekuwa amekwisha kuletwa akasema mbao zinapatikana, ila kamba ni kazi ya wanawake, naye hashoni bila desturi. Basi tajiri akageukia mlango, akamwita mavyaa kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana."

"Umesikia maneno yetu. Tunaomba mkono wako."

Mavyaa akasogea mlangoni. "Huo wa pili utaupa jina gani?"

"Lile lile, mama."

"Na ule wa kwanza ukirudi, tutauitaje?"

Nilisikia tasbihi ya imamu ikisimama. Mavyaa akajifunga ukaya wake kichwani, akatoka kwa mlango wa uani, na wanawake wote wakatoka nyuma yake. Hakuna aliyekubali kusokota hata unyuzi bila yeye. Fundi akakaa bure, anakula na kulala.

Mimi nilivumilia siku chache. Sina sifa ya uvumilivu, na waliokaa nami watakuambia. Asubuhi moja alikuja mpita njia mwingine, akasema ameambiwa na mtu kwamba mtepe umeonekana Mombasa. Mavyaa akanitazama, maana yake nikachukue mbuzi nikune nazi. Nilikaa pale pale nilipokuwa. Nikamwambia mgeni habari zake tumeshazisikia kutoka kwa waongo waliomtangulia, na wenzake walisema vizuri zaidi. Mtu yule akaondoka na njaa yake.

"Umemfukuza mgeni wangu," mavyaa akasema.

"Mama, mwanao amekufa. Wewe unajua na mimi najua. Sema, nami nipumue."

Nilidhani atanipiga, na kwa kweli nilikuwa tayari nipigwe. Badala yake aliketi juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa, akaweka mikono magotini na kuitazama.

"Kama umezama," akasema, "umezama kwa nini?"

"Bahari, mama."

"Bahari ilikuwapo siku zote. Jahazi likipasuka, watu husema msumari, au husema ubao. Mtepe hauna msumari. Ukiachana, ni kamba imekatika. Na kamba nilisokota mimi, mwanangu. Unataka niseme nini? Unataka niseme nimemuua?"

Misimu yote ile nilidhani ananizuia mimi. Kumbe alikuwa akiwalisha waongo kwa sababu kila mwongo alimwambia, bila kujua, kwamba kamba yake ni nzima.

Mimi si mtu wa kubembeleza. Ningeweza kumwambia ni kazi ya Mungu, lakini hayo alikuwa ameambiwa na kila mtu. Nilimshika mkono, nikamwingiza chumbani kwangu, nikatupa chini godoro na mkeka. Kitanda changu, mume wangu alikiwamba mwenyewe kabla ya kusafiri, kwa kamba zilizobaki baada ya kushona mtepe. Makumbi yale yale, shimo lile lile, mkono ule ule.

"Hii hapa," nikamwambia. "Mimi nailalia. Iangalie."

Hakuigusa mara moja. Kisha akapiga magoti, akaanza kufungua mafundo, mpaka kitanda kikabaki miti mitupu. Akaichukua kamba pwani, akailoweka katika maji ya chumvi mpaka ikanywa. Akafunga ncha moja kwenye mnazi, akawaita wanawake waliokuwa karibu, wale wale waliosokota naye, wengine wao wakiwa wamepoteza mume au ndugu katika mtepe ule. Tukaivuta. Tukaivuta sote pamoja, visigino vimezama mchangani, mpaka viganja vikachubuka na mwenzetu mmoja akaanguka kwa makalio. Pengine kamba iliyolala kitandani si sawa na kamba iliyopigwa na mawimbi. Nilijua hivyo hata siku ile, nami nikafunga mdomo wangu, jambo la nadra.

Kamba ilikaa. Mavyaa akaipitisha yote mkononi, kidogo kidogo, akiitazama kwa jicho lile lililokuwa likinitisha nilipokuwa mwanafunzi wake. Hakupata pa kufumua.

"Haikukatika hii," akasema.

"Haikukatika, mama."

"Basi ni Mungu aliyemchukua."

Akakaa mchangani, akalia. Wanawake wengine nao wakalia, mmoja mmoja, maana na wao walikuwa wamesubiri ruhusa. Msiba ule ulichelewa misimu miwili, ukaanza pale pwani mchana kweupe, na wanaume wakatoka majumbani kuuliza kuna nini.

Tulikwenda Bagamoyo, mavyaa, baba yangu, tajiri na mimi. Kadhi alipomuuliza, mavyaa alijibu kwa sauti ya kawaida, "Mwanangu amekufa maji." Tajiri naye akaulizwa habari za mdogo wake. Ilimchukua muda, lakini alisema. Kadhi akahoji mabaharia wawili waliokuwa baharini msimu ule, kisha akahukumu kwamba waliokuwa ndani ya mtepe wamekufa, na kwamba mimi niingie eda.

Tulipotoka, tajiri akamwendea mavyaa tena. Hakuwa mtu wa kukata tamaa. "Mama, kumbe kamba yako ni nzima. Basi nisokotee. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Vema," mavyaa akasema. "Nenda kwa huyo mhunzi akupigie misumari. Siku kikizama, mtakwenda kumuuliza yeye. Mimi sitaki mwanamke mwingine alale akiyakumbuka mafundo yake."

Tajiri alijenga jahazi la misumari, akalipatia jina jingine. Lilikuwa chombo cha kawaida tu, lisilo na macho. Lilibeba boriti na chokaa miaka mingi, na sijapata kusikia wimbo wake. Fundi wa kaskazini alirudi kwao amenenepa. Wapo waliosema tulimnyima tajiri haki yake, na kwamba pwani yetu ilipoteza sanaa kwa sababu ya kilio cha kizee mmoja. Labda. Nimelifikiria sana hilo uzeeni, na bado sijui kama mtepe wa pili ungekuwa heshima kwa wale watu au ungekuwa kutuomba sisi tuwashone tena kwa mikono yetu. Ninachojua ni kwamba wanaotaka kufufua chombo mara nyingi si wao waliokishona.

Siku ya kwanza ya eda nilikuwa chumbani nimevaa kaniki, na kitanda bado kilikuwa miti mitupu. Nilikuwa nimepata nilichokitaka na nilijiona mwepesi, hata nikajishangaa. Alasiri mavyaa aliingia na kamba yake, imekauka, ameikunja vizuri. Tukaanza kukiwamba pamoja, yeye anapitisha juu, mimi napokea chini na kukaza. Tulipofika katikati akasimama.

"Alikuwa akilala upande gani?" akaniuliza.

Nikaweka kiganja upande wa ukutani. Nilikuwa nimekidai kifo chake kwa baba yangu, kwa kadhi na kwa mama yake, na siku zote hizo sikuwa nimemlilia.