Mwajiri wa Migori asiyetaka kusikia ‘mtu wetu’

Saa mbili asubuhi, mvua inapiga bati za jengo lililo nyuma ya soko la Migori, na vijana wawili wamebanana mbele ya kompyuta moja. Mmoja anasoma barua kwa sauti. Mwenzake anaichapa kwa vidole viwili. Hawaruhusiwi kubadilishana kazi, wala kuzungumza lugha ya nyumbani.

“Kiswahili!” anafoka Roselyn Awuor Matiko kutoka dirishani, msomaji anapoteleza na kunong’ona Kijaluo. “Mwenzako ametoka Kehancha, kwa Wakuria. Unamsomea yeye ama unajisomea wewe?”

Huu ndio usaili wa Gembe Kompyuta, kampuni inayouza na kutengeneza kompyuta Migori na Homa Bay. Roselyn, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, ndiye anayewatafuta wafanyakazi wake na kuwafunza. Wepesi wa vidole haumshughulishi. Anamtazama anayesoma: je, anamngoja mwenzake, au anamkimbiza na kumcheka?

“Kuchapa nitamfundisha,” anasema. “Roho ya kungoja mwenzake nitainunua duka gani?”

Lakini si wote wanaopitia mlango huo wa usaili. Diwani huja na kijana wake, mwalimu mkuu na wake, hata mchungaji amewahi kuja na wake. Wote wana neno moja mdomoni: huyu ni mtu wetu. Uchaguzi uliisha Desemba, lakini neno hilo halikubanduliwa pamoja na mabango.

Roselyn alizaliwa Rangwe, akaolewa Ukuria. Kwa hiyo Wajaluo humwita “nyathiwa”, mtoto wetu, nao Wakuria humwita mke wetu.

“Mimi ni wetu wa kila mtu aliye na mpwa asiye na kazi,” anasema, na kicheko chake hakina utani hata kidogo.

Ana sababu ya kukasirika. Mwezi Machi alimpeleka Joash Maroa, kijana wa Kikuria aliyemfunza mwenyewe, akahudumie kompyuta za ushirika mmoja wa wavuvi mjini Homa Bay. Asubuhi ya kwanza Joash aliingia, akavua kofia, akatoa salamu ya Kijaluo aliyoikariri njia nzima.

“Oimore!”

Hiyo ni salamu ya jioni. Ofisi nzima iliangua kicheko, isipokuwa mwenyekiti wa ushirika. Tangu siku hiyo hakuacha kumpigia simu mkurugenzi wa kampuni, Nashon Oluoch, aliye Kisumu. Kijana hata kusalimu hajui, alilalamika. Tuleteeni mtu wetu.

Jumatatu wiki hii Nashon aliagiza Joash arudishwe Migori. Roselyn naye amepewa hadi kesho, Ijumaa: ampatie mwenyekiti fundi Mjaluo, au akabidhi funguo za ofisi na aende nyumbani.

Kwenda nyumbani si jambo dogo. Mshahara wake wa shilingi elfu kumi na mbili ndio unaowasomesha watoto watatu, kwa kuwa tumbaku ya mumewe imeungua na jua msimu huu.

“Usiandike eti siogopi. Naogopa sana,” anasema. “Lakini nikimtoa Joash leo kwa sababu ya kabila, kesho nitaambiwa nimtoe Mjaluo niliyemweka Kehancha. Sasa hapo nitakuwa nimefunza watu nini? Mimi nilipoolewa nilikosea salamu za Kikuria mwaka mzima. Hakuna mtu alinirudisha kwa baba yangu!”

Pembeni, Joash anafungua printa iliyokwama karatasi.

“Madam, wewe niache tu,” anasema sasa bila kuinua macho. “Nitapata kazi ingine. Wewe uko na watoto.”

“Nyamaza, ukaze hizo skrubu.”

Joash anakaza skrubu.

Karibu na adhuhuri simu ya mezani inalia. Ni Beverly, karani wa ule ushirika wa Homa Bay, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuita mashua. Chumba kizima kinamsikia.

“Madam, mtu wetu anarudi lini?”

“Mtu wenu yupi?” Roselyn anauliza kwa ukali. “Si mnatafutiwa Mjaluo?”

“Aa, hiyo ni maneno ya mwenyekiti! Sisi tunauliza huyu wetu. Huyu wa oimore. Siku hizi hata sisi tunasalimiana hivyo asubuhi, na tangu Jumatatu ofisi imepoa.”

Joash anainama hadi kichwa kinapotelea nyuma ya printa. Roselyn anafunika simu kwa kiganja na kugeukia ukuta. Anapogeuka tena, macho yake yamelowa, wala hajisumbui kuyaficha.

Simu hiyo haijabadilisha kitu. Mwenyekiti ni yule yule, na agizo la Kisumu liko pale pale. Ndoto ya Roselyn ni kufungua darasa lake mwenyewe Rangwe siku moja, Wajaluo na Wakuria wakae wawili wawili kwa kila mashine, hata kama ataanza na mashine moja. Akifutwa kazi kesho, anasema, ataanza Jumatatu.

Anawaruhusu wasailiwa waende wakanywe chai.

“Joash, kesho uvae shati safi. Tunaenda Homa Bay, mimi na wewe.”

“Na mkurugenzi akikuja kuchukua funguo, Madam?”

Roselyn anaziokota funguo mezani, anazitia mkobani na kuvuta zipu.

“Azifuate Homa Bay. Na akifika asubuhi, umsalimie oimore.”